Mwezi Juu ya Chapati ya Adila

Chalinze, 24 Januari

Mke wangu Bibi Mwaija,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba huku umekunja uso, maana ukiona barua yangu unajua mjukuu wako anataka kitu. Ni kweli nataka. Ila ngoja kwanza nitoe salamu, nisije nikaambiwa niliacha shule kidato cha pili na adabu nikaiacha hukohuko.

Mimi mzima. Gereji inakwenda vizuri. Hapa Chalinze, pande zote za njia panda, hakuna anayeziba pancha ya lori kama mimi. Sijisifu, nakupa taarifa. Juzi dereva mmoja wa Zambia aliniambia angenijua mapema, angeomba tairi lipasuke hapa kila safari.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu unaijua mwenyewe. Kitochi chako ukikipokea unaweka sauti ya mwisho, na Mzee Mwinyimvua hapo jirani ananijibu kabla hujanijibu wewe. Haya ni ya mume na mke. Shuaibu wa fuso ya mananasi ndiye atakayeleta, mpe chai.

Jambo lenyewe ni simu. Yangu imechoka, Bibi. Ina miaka minne. Mwezi uliopita iliniponyoka ikaangukia jeki, kioo cha mbele kikawa kama utando wa buibui na nyuma ikachubuka kidogo. Asubuhi chaji imejaa, nikiziba tairi mbili imebaki ya kuomba dua. Nikitaka kufungua picha inaganda mpaka nasahau nilitaka kuona nini.

Rehani, mwenzangu wa gereji, kanunua mpya. Ina macho matatu mgongoni! Inakivuta kitu cha mbali mara mia. Tulisimama gereji tukasoma bei ya chapati aliyoiandika Adila ng'ambo ya barabara. Mimi na hii yangu nikimvuta Adila anakuja kama moshi. Adila ni nani? Mpika chapati tu. Usiulize sana, utaona wivu.

Kwa hiyo naomba umuuze Profesa, mbuzi wangu. Ndevu zimeshamfika magotini, anasubiri nini tena? Nikichanganya na akiba yangu, simu ninayo.

Wasalaam,
Najim, mumeo wa ujanani


Fukayosi, Shaaban 9

Kwa mume wangu Najim, fundi wa Chalinze nzima,

Marahaba. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila goti langu la kulia limegoma. Barua yako nimeisoma mwenyewe kwa sauti ya chini. Kisomo cha watu wazima nilichosoma kwa kibatari kimenifikisha mbali kuliko hicho kidato chako cha pili.

Profesa simuuzi. Nakuuliza, simu uliyonayo inapiga? Inapokea? Inatuma hela? Basi hiyo mpya itafanya nini ambacho hii haifanyi? Kama ni kusoma bei ya chapati ng'ambo ya barabara, vuka barabara.

Sasa nikwambie jambo, na barua hii ukimaliza kusoma uichome.

Unajua kila Shaaban 29 na kila Ramadhani 29 babu yako Bwanausi hupanda kile kichuguu nyuma ya mikorosho kuutazama mwezi. Nyumba sita za kitongoji chetu hungoja neno lake, kama zilivyongoja la baba yake. Mwinyimvua yeye hufuata redio, na kila mwaka anasubiri jicho la Bwanausi likosee ili apate la kucheka mpaka Hija.

Mwaka wa tatu huu babu yako hauoni mwezi. Anaona mwanga na giza, na mtu akisimama karibu. Mimi ndiye husimama nyuma yake. Nikiuona navuta kanzu yake, mara moja kama uko kushoto, mara mbili kama uko kulia. Anageuka, anatamka, watu wanashukuru. Hatujalizungumza hata siku moja. Yeye hasemi, na mimi sisemi. Nikimtajia hospitali anasema jicho lake zima, ni dunia ndiyo ina vumbi. Hata barua zako hazisomi tena. Naziweka chini ya debe la mchele na wala haulizi.

Mwaka huu kwa goti hili sikipandi kichuguu. Njoo vunja jungu kabla ya mfungo ule ushibe, kisha siku ya 29 usimame nyuma yake uvute kanzu. Jina la babu yako liko mkononi mwako, na naogopa kwa sababu naujua mkono wenyewe.

Mkeo,
Mwaija


Chalinze, 2 Februari

Mke wangu,

Shikamoo. Barua nimeichoma kwenye mkaa wa Adila, akaniuliza kama ni ya mwanamke. Nikamwambia ndiyo, tena ameolewa. Mpaka sasa ananiuzia chapati ndogo.

Hilo la kanzu niachie mimi. Nitaivuta kwa ufundi, babu mwenyewe atadhani ni upepo. Lakini hebu fikiri vizuri, Bibi. Kitu kinachovuta vya mbali mara mia! Ningeuona mwezi kabla haujajua kama unaandama! Na wewe umenikatalia mbuzi mmoja mwenye ndevu. Sikulaumu. Mapenzi yako kwa Profesa yanajulikana.

Tatizo ni kwamba macho yangu nayo yamekula moshi wa mpira mwaka mzima, jioni yananiwasha. Kwa hiyo nitakuja na simu hiihii mbovu. Nitaelekeza magharibi, nitapiga picha, nitaikuza kadiri inavyokuzika, nikiuona navuta kanzu. Hukutaka macho matatu, basi utapata jicho moja bovu na mimi juu yake.

Nipikie pilau. Sahani ya kwanza iwe ya kuonja.

Najim, mvuta kanzu mteule


Fukayosi, Ramadhani 3 kwa watu wote, Ramadhani 4 kwa nyumba yangu

Najim,

Salamu utazipata mwisho wa barua, zikibaki.

Ulikuja. Ulikula pilau sahani tatu na za jirani ukazionja. Jioni ukampandisha mzee wangu kichuguuni. Mimi niko jikoni na goti langu, nasikia sauti yako kabla ya yake: "Upo! Upo! Mwembamba lakini upo!" Hivyo ndivyo kuvuta kanzu? Babu yako akatamka. Nyumba sita zikala daku.

Nchi nzima hakuna mwingine aliyeuona. Redio ikasema Shaaban inatimia thelathini. Kuna waliotaka kufungua, lakini babu yako alishasema na hawakutaka kumvunjia heshima. Tukafunga siku ya shaka, ambayo hata mtoto wa chuoni anajua haifungwi. Mwinyimvua akatoa kiti barazani, akala muhogo wa nazi mchana kweupe, kila tonge anatuita, "Karibuni jamani! Karibu, Bwanausi! Au mwezi wako umekukataza?" Wewe wakati huo umeshapanda fuso ya Shuaibu tangu alfajiri.

Sasa nisikilize. Babu yako hatoki. Tarawehe anaswali chumbani. Jana kaniambia, "Mwezi wa Idi wafuate redio. Mimi nimemaliza." Akageukia ukuta. Miaka hamsini nimelala na mtu huyu, sijawahi kumsikia anasema amemaliza kitu.

Nakuuliza kama mkeo: uliuona au hukuuona?

Salamu hazikubaki.

Mwaija


Chalinze, 23 Februari

Mke wangu,

Shikamoo, na hasira zishuke.

Niliuona! Wallahi niliuona kwenye simu, mwembamba kama ukucha uliokatwa, umelala juu ya mikorosho. Picha ninayo. Nimemwonyesha Rehani, nimemwonyesha Shuaibu, wote wamesema huo ni mwezi. Pengine redio ilichelewa. Pengine wa kwetu hutoka mapema kwa sababu Fukayosi hakuna foleni. Mwambie babu asimamie neno lake, na Mwinyimvua mwambie muhogo wake tutaujadili siku ya kiyama. Watu wenye simu za maana

Naendelea leo tarehe 24. Hapo juu niliishia kwa sababu Adila aliita futari. Bibi, kaa chini. Kama umekaa, egemea.

Jana jioni Adila alinipa chapati kubwa, maana yake amenisamehe. Nikaipiga picha kwa furaha. Nikaitazama. Juu ya chapati kuna mwezi.

Nikasema labda ni njaa. Nikapiga picha tairi la scania. Juu ya tairi kuna mwezi. Nikampiga Rehani, mwezi umemkaa sikioni kama hereni. Nikarudi kwenye picha za vunja jungu. Wewe unapakua pilau, mwezi uko kwenye mwiko. Profesa kasimama bandani, mwezi katikati ya pembe, utadhani msikiti!

Ule mchubuko wa nyuma, siku simu ilipoangukia jeki, ni ufa kwenye kioo cha kamera. Umejikunja kama mwezi mwandamo. Mchana huutilii maanani, lakini ukielekeza kwenye mwanga wa magharibi unang'aa. Leo mchana nilipomweleza, Rehani alicheka mpaka nikaogopa swaumu yake itabatilika.

Ningeweza kukuficha. Hiyo karatasi ya jana ningeituma hivyohivyo na usingejua. Lakini umesema babu kageukia ukuta, na kwa hilo chapati kubwa ya Adila niliibakiza nusu. Nimezifungisha nyumba sita kwa ufa, Bibi. Ijumaa nakuja. Nitasimama msikitini niseme kosa ni la simu yangu, si la jicho la Bwanausi.

Na bila ya nia mbaya: umeona sasa umuhimu wa simu mpya?

Najim


Fukayosi, Ramadhani 8 (fuata ya watu sasa)

Mume wangu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka babu yako akauliza kuna nini. Nikasema moshi.

Lakini usithubutu kuja kusimama msikitini. Ukisema ni simu, Mwinyimvua atauliza swali moja tu: Bwanausi na simu wapi na wapi? Kama jicho lake lilikuwa linaona, alihitaji kioo chako cha nini? Hapo watajua yote. Utamtoa kwenye aibu ya siku moja umtie kwenye ya miaka mitatu.

Kinachotakiwa ni yeye auone mwezi wa Idi kwa jicho lake mwenyewe. Habiba wa zahanati ameniambia ni mtoto wa jicho, hutolewa, na madaktari wa macho watakuwepo hospitali ya Bagamoyo wiki ile ya Ramadhani 17. Nimemwambia babu yako. Amesema macho hayaguswi na mtu, hata awe daktari. Sina maneno tena.

Wewe unayo mengi, tangu utotoni yanamwagika bure. Yatumie mara moja kwa faida. Na ikibidi Profesa auzwe, atauzwa kwa jicho, hauzwi kwa simu.

Mwaija


Bagamoyo, 8 Machi

Mke wangu Bibi Mwaija, mke wa watu wawili,

Shikamoo. Shuaibu anangoja nje ya geti, kwa hiyo naandika mbio, lakini sikupunguzii utamu.

Unajua nilivyomtoa nyumbani. Nilimwambia, "Babu, nakwenda Bagamoyo kununua simu na wenye maduka watanila mzimamzima. Twende ukanisimamie bei." Mtu aliyegeukia ukuta wiki mbili akauliza koti lake liko wapi.

Duka la kwanza jana, muuzaji ni dada mmoja anaitwa Samia, mpole mpaka alipokutana na babu. Akampa simu aishike. Babu akaishika juu chini, akaipima kwa mkono kama samaki, akauliza bei. Alipotajiwa akasema, "Mwanangu, hiyo ni bei ya simu au ya duka?" Wakaanza. Nusu saa! Samia akasema betri yake inakaa siku mbili, babu akasema hata yeye hukaa siku mbili. Samia akasema, "Mzee, hii inapiga picha hadi mwezi." Babu akairudisha mezani polepole. Nikatamani kuwa tairi.

Kisha akauliza, "Na ya huyu kijana ina ugonjwa gani?" Nje ya duka kuna fundi, Ausi, ana kimeza na miwani ya kukuza. Akaigeuza yangu na kusema kwa sauti ya watu kumi, "Hii simu nzima kabisa. Betri ibadilishwe ukipata nafasi, na hizo nyufa za mbele ni za sura tu. Tatizo kioo cha kamera tu kina ufa. Mzee, umekaa kama mwezi mwandamo!"

Bibi, niliganda kuliko simu. Nikajua leo nitarudi Fukayosi kwa miguu. Babu akashusha pumzi. Akauliza, "Kioo bei gani?" Elfu nane. Basi akageuka akawahubiria wote waliokuwepo, hata Samia ndani. "Mnawaona vijana wa siku hizi? Kitu kizima, kioo tu kimeharibika, yeye anataka kutupa vyote anunue kingine! Badilisha kioo, kijana! Kioo!" Watu wakaitikia. Elfu nane zangu zikatoka, nusu saa simu ikarudi.

Nikamwambia tupite hospitali kumjulia mtu hali. Jina la huyo mtu hakuniuliza, akaja. Daktari mwanamke, mkarimu, akamulika jicho, akasema, "Mzee, jicho lako zima. Kioo chake cha ndani tu ndicho kimeingia ukungu. Tunatoa hicho, tunaweka kingine, siku hiyohiyo."

Mimi nikakohoa.

Babu akanigeukia. Haoni vizuri lakini alinitazama, nakuapia. Alitafuta la kusema akakuta yote ameshayasema pale kwa fundi mbele ya watu. Mwisho akamwambia daktari, "Bei gani?" Na akaomba apunguziwe kwa kuwa analeta jicho moja tu.

Kafanyiwa asubuhi hii. Jicho limefungwa, kesho linafunguliwa. Ile akiba ya simu imeingia hapa, imetosha, Profesa mwache na ndevu zake. Daktari kasema leo asifunge, atalipa baadaye. Babu kamjibu kwamba anayo siku moja ya ziada ameiweka mwanzoni mwa mwezi. Nikamwambia nadhani haihesabiki. Akasema, "Wewe usinifundishe hesabu za mwezi." Ndilo neno pekee alilotoa kuhusu habari ile mpaka sasa, na linaniogopesha kuliko fimbo.

Simu inapiga picha safi. Nimempiga babu na bandeji yake, hakuna mwezi popote. Nimeanza kuukumbuka.

Najim, ambaye hakununua


Fukayosi, Shawwal 5

Kwa mume mwenzangu Najim,

Assalaam alaykum. Usishtuke kwa mwandiko. Ni wangu mimi Bwanausi, kwa jicho moja jipya na miwani ya kusomea niliyopewa.

Siku ya Idi bibi yako alinituma mchele. Nikainua debe. Kumbe mchele umelalia karatasi. Nimezisoma nne za mwaka huu, moja kila siku, yeye akienda kisimani. Nimesoma mke wako, mke wangu, mke wa watu wawili. Nimehesabu. Umemwita mke mara nyingi kuliko mimi niliyetoa mahari. Tutaonana.

Nimesoma na habari ya chapati. Nilicheka nikasema moshi, maana naona ndiyo desturi ya nyumba hii.

Ile siku ya Idi, ulipokuwa bado unagombania biriani, mimi nilikwishasimama msikitini. Nikawaambia watu: Shaaban sikuuona mwezi, jicho lilikuwa limekufa na niliona haya kusema, nikaamini simu ya mtoto. Nyumba sita nikaziomba radhi. Nilidhani Mwinyimvua atacheka mpaka Hija. Alinifuata nje kwenye viatu, akaniuliza kwa kunong'ona madaktari wanarudi lini. Kumbe mwaka wa pili haoni namba za redio, mkewe ndiye humtafutia stesheni. Tutakwenda pamoja, mimi jicho la kushoto, yeye yote mawili. Nitamsimamia bei.

Mwaija nimemwona. Nilikuwa nimemwacha na uso wa miaka mitatu nyuma. Nikamwambia, mke wangu, umezeeka. Akaniletea kioo cha kabatini nijitazame. Nimejitazama. Tumekubaliana mazungumzo hayo yasiendelee.

Kuhusu simu, hukumu yangu ni hii. Hiyo uliyonayo ni nzima, itumie mpaka ikukatae yenyewe. Siku hiyo niite, yule Samia bado sijamalizana naye. Akiba yako uliitia kwenye jicho langu bila kunitangazia, na mimi nakushukuru bila kukutangazia. Profesa ni wako, na amepata majike wawili, wa kwangu. Huyo mpika chapati mlete nimtazame vizuri maadamu nina jicho.

Sasa la mwisho, na hili uchome kweli.

Wewe ulikuwa chini siku ile ya mwezi wa Idi, unamshika mkono bibi yako apande. Goti lake lile, lakini alikataa kubaki. Mimi nilikwishafika juu. Niliuona, Najim. Kabla ya redio na kabla ya mtu yeyote, mwembamba, kushoto, juu ya mkorosho wa jirani yetu Kuruthumu. Miaka mitatu nilikuwa nautangaza bila kuuona. Nikafungua mdomo nitamke.

Mara nikamsikia amefika, anahema nyuma yangu. Kanzu ikavutwa. Mara moja.

Nikafunga mdomo. Nikangoja kidogo, kama ninavyongojaga. Kisha nikageuka kushoto, nikasema, "Ule pale."

Barua zako nimezirudisha chini ya debe zilivyokuwa. Hajui kama nimezisoma, na wewe ukiulizwa, hujui kama najua.

Babu yako,
Bwanausi